Vibarua Wanaohama: Afya Ipimwe kwa Damu au kwa Kauli?

Sisi wakazi wa Mombasa tunaonunua mboga na matunda Kongowea ni nadra kuuliza hali ya aliyevichuma, ingawa hata mashamba ya mkonge ya Vipingo, jirani zetu hapa Pwani, yamewategemea vibarua waliotoka mbali kwa miaka mingi. Wataalamu nao huuliza, ila hawakubaliani juu ya namna ya kupima afya ya vibarua hao: kwa vipimo vya mwili au kwa kuwahoji.

Wanaotetea vipimo vya mwili wana hoja nzito, kwa kuwa damu haimwogopi nyapara. California imekuwa ikitaka wanaoshughulikia baadhi ya dawa kali za wadudu wapimwe, tangu 1974, kolinesterasi, yaani kimeng'enya cha neva na damu ambacho dawa hizo hukidhoofisha. Kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango cha awali katika seli nyekundu, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa hata kama anajiona mzima. Vilevile ni vipimo vya kreatinini, taka ya mwili inayochujwa na figo, vilivyoonyesha ukubwa wa maradhi ya figo miongoni mwa wakata miwa wa El Salvador na Nicaragua, vijana wasio na kisukari wala presha. Hojaji isingeyaona.

Hata hivyo, katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inaitaja afya kuwa ustawi wa mwili, akili na jamii. Deni la nauli, kuishi mbali na watoto na hofu ya kufukuzwa haviingii kwenye chupa ya damu. WHO-5, hojaji fupi ya shirika hilo kuhusu ustawi wa mtu, huuliza mambo matano kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kwa wepesi wake inafaa shambani. Lakini kibarua anayehojiwa nyapara akiwa karibu atasema hajambo, na nani amlaumu?

Kwangu mimi, kasoro kubwa zaidi ni ile ambayo pande zote mbili zinashiriki: hupimwa waliobaki kazini. Hata utafiti wa Wizara ya Kazi ya Marekani kuhusu vibarua wa mashamba, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, uliwahoji waliokuwa kazini wakati huo na kuwaacha nje wenye viza za H-2A, zile za muda za vibarua wa kilimo kutoka nje. Aliyeumia mgongo ameshapanda basi kurudi kwao, na kuondoka kwake kunalifanya shamba lionekane lenye afya kuliko lilivyo.

Kuwafuata walioondoka ni ghali, namba za simu hubadilika, na orodha ya majina ikimfikia mwajiri huweza kumnyima mtu kazi msimu ujao. Pamoja na hayo, naona heri sampuli ndogo iliyowajumuisha kuliko kubwa isiyo nao, mradi mahojiano yafanyike nje ya lango la shamba na rekodi zisikae ofisini mwa mwajiri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wapimaji waanze nayo kabla ya kuchapisha hojaji.