Ubishi wa Tekken ulivyotufikisha kwa mwenyekiti wa mtaa

Kinyozi wangu ni African Sports, mimi ni Coastal Union, kwa hiyo tangu mwanzo hatukuwa watu wa kukubaliana. Nikimkumbusha ubingwa wetu wa 1988, ananiuliza leo ni mwaka gani. Lakini ubishi uliotutia aibu mbele ya mtaa mzima haukuwa wa mpira. Ulikuwa wa baba na mwana wa Kijapani ambao hawajawahi kukanyaga dunia hii: Heihachi Mishima na mwanawe Kazuya, wale wa Tekken, gemu la kupigana.

Yeye ana saluni hapa Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Mimi natengeneza baiskeli ubavuni mwake, na Tanga fundi baiskeli halali njaa. Baraza letu ni moja, mwenye nyumba wetu ni mmoja, Mzee Haji, tunayemwita hivyo kwa kuwa alishahiji. Ndani ya saluni kuna runinga ya kichogo na PlayStation ya kwanza kabisa, ile ya kijivu, ambayo siku hizi haisomi diski mpaka uipindue miguu juu na kuiwekea kopo la mafuta ya nywele mgongoni. Diski iliyomo ni Tekken 3, iliyotoka kwenye mashine hiyo mwaka 1998. Wateja hucheza wakisubiri zamu. Ukipigwa, unaachia pedi. Ukigoma kuachia, unanyolewa wa mwisho.

Sasa hoja yangu. Mzee Hachi (Heihachi ni jina refu kwa watu wenye kazi mkononi) ndiye mwenye nguvu kuliko wote kwa sababu ni mtu mtupu. Hana shetani. Mwanawe ana shetani ndani ya damu, anaota mabawa, anatoa miale usoni, na bado kwenye Tekken 2 mzee alimpiga kwa mikono yake akamtia kwenye volkano. Mtu una shetani kamili, halafu unachapwa na baba yako mwenye upara! Hiyo nguvu ulikuwa umeiweka wapi siku hiyo? Na kwenye Tekken 3 mzee ana miaka 73 na bado anapiga watu ngumi za umeme.

Kinyozi yeye ni wa Kazuya mpaka kwenye mfupa. Anasema mshindi wa Tekken ya kwanza, ya 1994, ni nani? Kazuya. Alimpiga baba yake, akambeba mpaka ukingo wa korongo, akamwachia, kisha akaigeukia kamera na kutabasamu. Na kwenye ya 7 akamaliza kazi kwa kumtupa kwenye uji wa moto. Mbili kwa moja, mgosi, hesabu ya darasa la kwanza.

Mimi namwambia hajahesabu vizuri, kwa sababu kabla ya yote hayo mzee alishamtupa Kazuya kwenye korongo lilelile akiwa na miaka mitano. Hapo kinyozi huzima mashine ya kunyolea, jambo ambalo halifanyi hata mteja akikatika sikio.

"Kumtupa mtoto wa chekechea na wewe unakuita ushindi?"

"Korongo ni korongo."

"Basi mbili kwa mbili?"

"Mbili kwa mbili, na mwaka 2024 mzee karudi kwenye Tekken 8 akiwa mzima. Volkano haikumweza."

Na upande wa tatu kuna dogo mmoja wa bodaboda ambaye hana hoja yoyote. Yeye humchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, hubonyeza eksi na duara kwa zamu bila hata kutazama runinga, na kutupiga sote. Sisi tunaojifunza ngumi ya umeme kwa miaka, ile ya mbele, achia, chini, mshazari, na pembetatu iingie papo kwa papo na mshazari ndani ya moja ya sehemu 60 za sekunde, tunapigwa na mtu anayekula muhogo kwa mkono wa pili. Ukimlalamikia anasema capoeira ilianzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazili, kwa hiyo Eddy ni ndugu, na ndugu hakosolewi. Sijawahi kupata jibu la hilo.

Katikati ya mambo hayo akaja Mama Mkubwa kutoka Pangani.

Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja likafungwa pamba, la pili linaona vivuli tu, na daktari akasema akae mahali penye hewa. Nikamtandikia mkeka barazani, kati ya kibanda changu na dirisha la saluni, nikampa redio. Redio hakuiwasha. Ya nini, wakati dirishani kulikuwa na habari moto kuliko za redio yoyote?

Yeye runinga haioni. Anachosikia ni watu wazima wawili wanapiga kelele juu ya mashine ya kunyolea: "Mzee Hachi kamtupa mwanawe korongoni!" Na masikio yake, Mungu amjalie, yanasikia Mzee Haji.

Bahati mbaya haiji peke yake. Mzee Haji ana mwana aliyekuwa Muscat miaka mingi, na alikuwa amerudi wiki ileile kwa ajili ya mazungumzo ya nyumba. Na ana mjukuu wa madrasa, anayelelewa na mama yake, ambaye jioni hupita kwangu kutia upepo.

Yule mama wa watu akapanga mambo kichwani. Baba kamtupa mwana. Mwana karudi na shetani. Wanagombea mali (hilo lilikuwa kweli pande zote mbili, maana ukoo wa Mishima nao unagombea kampuni). Korongo akaliweka Amboni, kwenye yale mapango ambayo wazee husema yanatokea Mombasa, na hivyo akapata jibu la namna mtu anavyotupwa na kurudi. Siku hiyo kinyozi akasimulia mwisho wa Tekken 3, jinsi babu alivyomlea mjukuu na kumfundisha ngumi, akamtumia kulinasa lile zimwi Ogre, halafu akampiga risasi ya kichwa. "Na Jini hakufa!" kinyozi akapaza sauti, maana mjukuu yule anaitwa Jin na sisi ulimi wetu haukubali neno lisilo na mkia. "Jini kaamka, kamgongesha babu yake ukutani, kaota mabawa, kapaa zake!"

Mimi nje nilikuwa naziba pancha. Nikamsikia Mama Mkubwa akisema "Lahaula" taratibu. Nikadhani jicho linamuuma.

Jioni mjukuu wa Mzee Haji akaja na baiskeli yake. Mtoto wa adabu, kanzu imepigwa pasi, juzuu kwapani. "Shikamoo bibi." Mama Mkubwa hakuitikia. Akamwita karibu, akamshika mabega, kisha mikono ikashuka polepole mgongoni, inabonyeza huku na huku kwenye mifupa ya bega, huku midomo yake ikienda na Ayatul Kursi. Mtoto akasimama kimya akidhani ni matibabu. Akamgeuza, akamkagua tena upande wa kushoto, akampulizia utosini.

"Yamelala," akaniambia mtoto alipoondoka.

"Nini, Mama?"

"Tia upepo mwanangu, usiulize."

Kesho yake sahani ya visheti iliyoletwa na mke wa Mzee Haji ikarudi haijaguswa. Kesho kutwa Mama Mkubwa akaomba ashikwe mkono apelekwe kwa mke huyo, akamkumbatia, akalia naye. Mke wa Mzee Haji, ambaye hakuwa na msiba, alilia pia. Mgeni akikulilia begani utafanya nini? Baadaye akaenda kwa jirani kuuliza nani kafa. Jirani akaenda kwa mwingine. Kufikia Ijumaa kina mama wa mtaa walikuwa wameshachanga mchele na nazi za kisomo, na mimi nilichangishwa, nikatoa, na sikuuliza ni cha nani. Hapa Tanga ukianza kuuliza kisomo ni cha nani unaonekana bahili.

Jumamosi mwenyekiti wa serikali ya mtaa akafika barazani na daftari. Viti vya plastiki vikatolewa. Mzee Haji akaketi na bakora yake, mwanawe wa Muscat pembeni, wake na mashangazi wakajaa mlangoni. Mimi na kinyozi tulikuja kama watazamaji, kinyozi na kitana sikioni.

Mwenyekiti akakohoa. "Mambo ya ndani ya familia," akasema, "mimi sitayaingilia sana, baba na mwana watakaa. Risasi nitaipeleka panapohusika. Lakini mzee wangu, imeripotiwa kwamba nyumbani kwako umefuga dubu."

Hapo ndipo damu ilinikauka. Kwa sababu Mzee Hachi kweli amefuga dubu, anaitwa Kuma, na anapigana mashindanoni. Nilikuwa nimelisema mwenyewe Alhamisi, tena kwa majigambo, kama ushahidi kwamba mtu mwenye dubu hahitaji shetani.

Mzee Haji akamtazama mwenyekiti. "Dubu?"

"Mnyama pori bila kibali, mzee, ni kosa kubwa."

"Na huyu," Mama Mkubwa akaingilia kutoka mkekani, sauti inatetemeka lakini haisiti, "alimtupa mwanawe korongoni ana miaka mitano. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Mtoto kapanda kwa kucha. Shemeji, hata kama ni hasira!"

"Mimi?" Mzee Haji akainua mguu wake wa kulia kwa mikono miwili ili tuuone. "Kwa goti hili? Mimi ngazi ya msikiti napanda kwa kushikwa."

Mwana wa Muscat naye akaanza kujipapasa akumbuke kama aliwahi kutupwa. Kinyozi akanitazama. Nikamtazama. Nikasema, "Mwenyekiti, samahani, hilo ni gemu."

Ilichukua muda. Nikaeleza kwamba Mzee Hachi ni Mjapani wa kuchorwa, kwamba mwanawe ni Kazuya, kwamba ni mchezo wa kupigana na hakuna aliyeumia. Ningeishia hapo mambo yangekwisha. Lakini nilipofika kwenye volkano nikasema "mzee akamshinda mwanawe," na kinyozi, mbele ya mwenyekiti, mbele ya wazee, akasema, "Mara moja tu. Kwenye ya 7 alishindwa yeye."

"Ile ya 7 alikuwa kachoka!"

"Kachoka? Paul Phoenix alimpiga Ogre akaenda zake nyumbani akidhani kamaliza, Ogre akabadilika umbo nyuma yake, mbona yeye hatumsemei kachoka?"

"Paul kaingiaje hapa?"

"Kaingia kwa sababu ana nguvu kuliko mzee wako!"

Dogo wa bodaboda, aliyekuwa amekaa juu ya tangi la pikipiki yake, akasema, "Eddy." Hakuna aliyemjibu.

Mwenyekiti akafunga daftari, akalifungua tena, akauliza kwa hiyo dubu hayupo. Nikasema yupo, ila kwenye gemu. Akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mama Mkubwa alikuwa amenyamaza muda wote huo, anakunja upindo wa khanga yake. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote ya ubishi wetu hakuna mwanamume aliyeuliza pale saluni. "Na mama wa huyo mtoto alikuwa wapi?"

Kinyozi akajifanya anatafuta kitana. Ikabidi nijibu mimi. Nikasema mama aliitwa Kazumi, na shetani ya mtoto ilitoka kwake, na siku moja ilimpanda akataka kumuua mumewe.

"Mume akafanya nini? Akamwita shehe?"

"Akamuua, Mama."

Mlangoni kina mama wakaguna kwa pamoja. Mke wa Mzee Haji akageuka kumtazama mumewe kwa makini sana, na Mzee Haji akasema, "Mimi natazamwa kwa nini sasa?"

Kisomo kilisomwa, maana chakula kilishaiva. Mwenyekiti alikula vizuri. Baada ya kula Mzee Haji akasimama, akaja mpaka mlango wa saluni kwa bakora yake, akasema, "Nionyesheni huyo mwenzangu."

Kinyozi akaipindua mashine, akaweka kopo, diski ikakwaruza, ikasoma. Akamchagua Heihachi. Kichwa upara katikati, nywele zimesimama kama pembe kila upande, masharubu, kifua wazi. Mzee Haji akavua kofia, akajipapasa kichwa, akaivaa tena.

"Ana miaka mingapi?"

"73."

"Na anapiga?"

Nikapiga ngumi ya umeme. Sijui ilikuwaje, siku zote inakataa, siku ile ikakubali mara ya kwanza, cheche za buluu, mtu kapaa juu. Mzee Haji akatoa sauti ndogo ya kuridhika. Mwanawe alikuwa nyuma yake mlangoni, ameegemea nguzo.

"Na yule mwanawe mnayemsifia. Niwekeeni nimwone."

Kinyozi akakuna shingo. Akapitisha kidole kwenye safu ya wapiganaji, taratibu, kana kwamba huenda mmoja ameongezeka usiku. "Hii ni ya 3, mzee. Kwenye ya 3 Kazuya hayumo."

"Yuko wapi?"

"Yuko... bado yuko volkano."

"Na mimi nimo?"

"Umo, mzee."

Mzee Haji akamgeukia mwanawe, akamtazama kuanzia viatu vya Muscat mpaka miwani. "Basi mnabishania nini?" akasema, akaondoka.

Mwezi uliofuata kodi ya saluni ilipanda. Ya kibanda cha baiskeli haikuguswa. Kinyozi anasema huo ni uonevu, na kwamba anatafuta pesa anunue PS4 ya mtumba ili mzee aone mwenyewe ya 7.