Mteja wa Geita yuko njiani

Ukiingia yadi ya magari hapa Mwanza ukaletewa soda ya baridi kabla hujauliza bei, ujue biashara imeshaanza. Mimi nililetewa Fanta. Ile Fanta ilinigharimu laki tatu.

Nilikuwa natafuta gari, Toyota IST. Kijana wa yadi alianza na Kiswahili, aliposikia jina langu akahamia Kisukuma, "Mwangaluka!", na kuanzia hapo nikawa kaka yake. Akanishikisha funguo. "Kaa kwanza kaka, kaa usikie kiti." Ndani kunanukia pafyumu, viti bado vimevishwa nailoni. Nikamwambia kesho nitakuja na fundi wangu wa Mabatini. Hapo uso ukabadilika. Kesho? Mbona kuna mteja anatoka Geita, yuko njiani, ana hela mkononi.

Huyu mteja wa Geita nimeshamsikia yadi tatu tofauti. Ni mtu wa dhahabu, hapunguziwi bei, hana fundi, na siku zote yuko njiani. Zamani angalau kivuko kilikuwa kinatusaidia: foleni ya Busisi ilimkalisha, nawe ukapata muda wa kumpigia mkeo. Tangu Juni 2025 lile daraja la kilomita 3 linapitika, jamaa anavuka ziwa kwa dakika chache tu. "Kaka, siku hizi kuna daraja," kijana akaniambia. Nilicheka, halafu nikatoa kishika uchumba, laki tatu za kushikilia gari lisiuzwe.

Uongo wa sokoni tumeuzoea, hata Mwaloni utaambiwa sato wa jana ni wa leo asubuhi. Kinachonikera kwenye yadi ni namna wanavyofanya mtaji wa adabu zetu. Umekunywa soda ya mtu, kakusalimia kwa lugha ya nyumbani, kakuzungusha na gari juani huku jasho linamtoka. Kusema "ngoja nikafikirie" unajiona kama umemtukana. Wengi wetu hatulipii gari pale, tunalipia aibu. Najua naye anaishi kwa kamisheni, na gari likikaa yadi ni hela ya mwenye mali imelala. Lakini na yangu ilikuwa imelala, miaka minne, kwenye kikoba.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa getini, mimi na fundi. Jana yake nilipogusa boneti ilikuwa ya moto, nikadhani ni jua. Fundi akacheka. Injini yenye kasoro, akasema, wanaipasha kabla hujafika, maana ikiwaka ya baridi ndipo inaposema ukweli. Na kweli ilisema. Ikakohoa mara mbili, ikashika, nyuma ukatoka moshi wa bluu mpaka mlinzi akasogeza kiti chake. "Inakula oili hii," fundi akasema, akafunga boneti taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Nikaomba hela yangu. Kijana, ambaye sasa alikuwa ananiita "mzee", akafungua daftari: kishika uchumba hakirudi, gari walikuwa wamenifungia mimi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, nilikuwa na kikaratasi chenye sahihi isiyosomeka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, lakini shahidi wangu angekuwa nani, yule wa Geita?

Ningekuwa na mamlaka ningeanza na hilo daftari. Yadi inayopokea kishika uchumba iandike kwenye risiti halali kwamba fundi wa mteja akikuta kasoro, hela inarudi. Na inayomkatalia fundi asiingie, iandike hivyo getini kwa herufi kubwa, tuwe tunapitiliza.

Wiki tatu baadaye nilipita pale na daladala. IST ileile, mahali palepale, kioo cha mbele kimejaa vumbi. Yule wa Geita hajafika.