Saikosisi ya muda mfupi: kalenda au sura ya ugonjwa?

Mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita leo anasikia sauti zinazomwamuru, na anashikilia kwamba ndugu zake wamepanga kumuua. Miezi 2 baadaye amepona kabisa na yuko kazini. Aliugua nini? Inategemea daktari wake anafuata mwongozo upi.

DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka 2013, unahesabu siku. Dalili zikidumu kuanzia siku 1 bila kufika mwezi, kisha mgonjwa akarudia hali yake ya awali, ni saikosisi (hali ya akili kupoteza uhalisia) ya muda mfupi. Huyu wa miezi 2 amepitwa. Anapewa jina jingine, lililo jirani na skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye dalili kama hizo lakini wa muda mrefu. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, ingempokea, kwa kuwa inaruhusu hadi miezi 3. Masharti yake yako kwingine: ugonjwa uwe umefika kilele ndani ya wiki 2, na dalili ziwe zinageuka-geuka, pengine asubuhi hivi na jioni vile.

Kalenda ina utetezi wake. Inawafanya madaktari wawili wakubaliane, na inamzuia mwenye haraka asimbandike mtu jina la skizofrenia siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba siku hiyo ya kwanza hakuna ajuaye mwisho, kwa hiyo jina huandikwa kwa muda tu. Isitoshe, dawa ikitolewa inavuruga kipimo chenyewe: dalili zikiisha siku ya 20, zimeisha zenyewe au zimezimwa?

Wapo wanaotaka kundi hili lifutwe, wakisema wengi humo huugua tena na mwishowe huonekana wana skizofrenia au baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wengine hawaugui tena maishani, na hali hii ilitambuliwa zamani: katika karne ya 19 Wafaransa wa mkondo wa Valentin Magnan waliifananisha na radi katika anga jeupe. Ndiyo maana naegemea ICD-11. Namna ugonjwa ulivyoingia inaonekana mgonjwa akiwa bado mbele yako. Muda wake huujui mpaka upite.

Kuhusu mshtuko wa maisha unaotangulia ugonjwa, DSM-III ya 1980 iliufanya sharti la jina hili, toleo la 1994 likaliondoa. Vizuri, kwa kuwa familia ikiulizwa haikosi kisa cha kutaja.

Bila shaka, kabla ya kubishania majina, daktari aondoe kwanza maambukizi ya ubongo, kifafa, dawa za kulevya na matatizo ya tezi ya shingoni (thairoidi). Mama aliyejifungua majuzi akipata dalili hizi ni dharura, kwa ajili yake na mtoto, na mara nyingi nyuma yake kuna baipola.

Jina linauma hasa wakati wa kuacha dawa. Aliyeambiwa “muda mfupi” huziacha mapema, aliyeambiwa “skizofrenia” huenda akazimeza miaka, na huenda siku ya kwanza wote wawili walifika na dalili zilezile.