Kuwafundisha waendesha mashtaka kesi za usafirishaji wa binadamu: inatosha?

Likija suala la usafirishaji haramu wa binadamu utasikia waendesha mashtaka wapewe mafunzo ya kuwahudumia manusura kwa utu, na mi naunga mkono kabisa, ila wanaopinga nao wana hoja nzito ambazo huwa tunaziruka.

Chukua dada aliyefungiwa kwenye nyumba ya mtu miezi minane, pasipoti kanyang'anywa, mshahara hajawahi kuuona. Kwa polisi kasema alikuja kwa hiari yake, baadaye akasema dalali alimdanganya, mahakamani anakumbuka mlio wa funguo mlangoni lakini tarehe hata moja hana. Mwendesha mashtaka asiyejua anaona shahidi muongo, jalada linafungwa. Anayejua anaelewa kwamba mtu akiteswa kumbukumbu zinakuja vipande vipande, na tena Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji wa binadamu, imesema wazi kwamba ridhaa haihesabiki kama kulikuwa na vitisho, nguvu au ulaghai, na kwa mtoto chini ya miaka 18 hakuna haja hata ya kuthibitisha vitu hivyo.

Sasa upande wa pili wanasema mwendesha mashtaka sio wakili wa manusura, na mshtakiwa ana haki yake ya kumhoji shahidi. Kweli kabisa. Ukimsaidia shahidi mpaka pa kulala na kibali cha kuishi nchini, wakili wa utetezi atasimama aseme huyu kanunuliwa. Halafu kuna pesa, unafanya semina siku tatu wakati nyumba salama hakuna na yule dada anarudi kulala mtaa ambao dalali anaujua, na huyo uliyemfundisha mwakani kahamishiwa kesi za wizi.

Kwangu mimi hoja hizo zinayapiga mafunzo mabovu. Mafunzo ya maana yanamfundisha mtu kutafuta meseji, miamala, tiketi, jirani aliyesikia kilio, ili kesi nzima isibebwe na mdomo wa mtu mmoja aliyeumia, na hapo hata utetezi hauna cha kulalamikia. Tena yaanze mapema, kwenye swali la nani ashtakiwe. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona Uingereza imekiuka haki za vijana wawili wa Vietnam, walikutwa kwenye mashamba ya bangi wakiwa bado watoto, wakashtakiwa wao japo dalili za kusafirishwa zilikuwepo. Hapo kosa lilianzia kwenye maamuzi ya kushtaki, kabla hata shahidi hajaitwa.

Na kuna vitu havihitaji bajeti. Kesi ikiahirishwa nani anampigia simu manusura? Mara nyingi hakuna, anakuja kwa nauli ya kuazima, anakaa benchi moja na ndugu wa mshtakiwa wanamkodolea macho mpaka saa sita, ndo anaambiwa arudi mwezi ujao.