Kanzu Tatu za Yusuf

Wiki iliyopita mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alikuja kututembelea hapa Ujiji na furushi la fotokopi. Nikavuta moja kwa sababu niliona imeandikwa Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kitabu nilichokisoma mara tatu. Chini ya kichwa "Chimbuko la riwaya" palikuwa na mstari mmoja: mwandishi ameathiriwa na Joseph Conrad, yule wa riwaya ya Kiingereza Heart of Darkness. Basi. Nikageuza karatasi, nyuma tupu. Nilikasirika mpaka chai ikapoa.

"Shangazi, ndivyo tulivyofundishwa," akasema.

Najua ndivyo walivyofundishwa, na ndicho kinachoniuma.

Haya, Conrad yumo. Gurnah amefundisha fasihi Uingereza miaka mingi, na msafara unaozama bara mpaka mambo yanaharibika, kama safari ya Conrad, haukuingia kitabuni kwa bahati. Hilo nawaachia. Lakini kijana mwenyewe anaitwa Yusuf. Tajiri anayemchukua anaitwa Aziz. Kijana ni mzuri wa sura, watu wanamkodolea macho. Anateswa na ndoto. Mke wa tajiri anamtamani, anamshika, shati linachanika mgongoni. Mtoto yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa madrasa mjini kwetu angekwambia hii ni habari ya nani, na wala hajapata kumsikia huyo Conrad.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kisa hiki cha Nabii Yusuf jioni huku anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa vijiwe na mchanga. Hakuwa na haraka. Akifika pale Zulekha, mke wa Aziz wa Misri, anapofunga milango ili amshike Yusuf, anaweka ungo chini, anafuta mikono kwenye kanga, anamsimamisha mmoja wetu. Mara nyingi nilikuwa mimi. Ananigeuza, anakamata gauni langu mgongoni, analivuta mpaka nasikia uzi unalia.

"Imechanika wapi?"

"Nyuma!"

"Mwongo nani?"

"Zulekha!"

Nilikuwa na gauni la kitenge lililorudiwa mshono wa mgongo mara mbili kwa sababu ya Nabii Yusuf.

Kwa bibi, kisa chote kimebebwa na kanzu tatu. Ya kwanza imepakwa damu ya uongo, ndugu zake wakampelekea baba yao. Ya pili imechanika nyuma, ndiyo inayomtoa Yusuf lawamani. Ya tatu inatumwa kutoka Misri, Yaakub anawekewa usoni, macho yake yanarudi. Alikuwa anazihesabu kwa vidole vyenye magamba ya dagaa.

Sasa soma Peponi ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Iliyobaki ni ya pili peke yake. Nabii Yusuf anatafsiri ndoto, anatoka gerezani, anakabidhiwa hazina za nchi. Yusuf wa Gurnah anaota mbwa mkubwa mweusi, anaamka anatweta, na hakuna wa kumfasiria. Ana miaka 12 anapotolewa kwao, amewekwa rehani kwa deni la baba yake, wala hajaambiwa. Anamwita tajiri ami. Khalil, mwenzake wa dukani ambaye naye ni rehani, anamkatiza kila mara: huyu si ami yako, ni seyyid, yaani bwana. Baba anakufa hawajaonana tena. Mwisho wa kitabu kijana anatimua mbio kuwafuata askari wa Wajerumani.

Kisa tulichokua nacho kinaahidi kwamba mwenye subira atalipwa. Gurnah ameichukua ahadi hiyo akaipeleka kwenye njia ya misafara, akauliza habari za ambao hawakulipwa. Huwezi kuliuliza swali hilo kwa uchungu namna ile kama hukulelewa na kisa chenyewe, kama hukulala ukijua mwisho wake ni mwema. Msomaji asiyemjua Yusuf wa kwanza anaona kijana ameonewa. Anayemjua anangoja kanzu ya tatu mpaka ukurasa wa mwisho, na haifiki.

Na njia ile ni yetu. Ilipita Tabora, ikaja kutelemkia hapa Ziwa Tanganyika, watu wakavushwa. Ujiji tuna koo zilizoletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na wazee wanajua nani aliletwa akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mtu aliyemwita ami. Hayo hayasemwi hadharani. Yanasemwa kwa sauti ya chini, msibani, usiku, watu wakishapungua. Hao nao walikuwa akina Yusuf, na hazina za nchi hawakuziona.

Kuna na Yajuju na Majuju. Wenye msafara kitabuni wanawazungumzia watu wa bara kwa jina hilo, wale waharibifu wa kwenye Msahafu waliofungiwa nyuma ya ukuta wa mfalme Dhulkarnaini. Watu wa bara ni sisi, jamani. Wakati huohuo kuna mtoto anayesimulia kwamba baba yake alimwona Mjerumani akitia mkono katikati ya moto asiungue. Kila mmoja anamtazama mgeni kupitia hekaya aliyonayo.

Tena msafara wenyewe una asili yake kwa Kiswahili. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten kikachapishwa 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara na masaibu yaliyowapata kwa mtemi aitwaye Chata. Kwa Gurnah anayewavamia na kuwanyang'anya mali ni Chatu. Herufi moja tu imebadilika, mtemi amekuwa nyoka wa ngano. Mwandishi anayefanya hivyo ana masikio ya nyumbani, na fotokopi haina hata neno juu yake.

Wapo watakaonikemea kwamba nauweka Msahafu kapu moja na ngano. Siuweki. Kwangu ile ni Aya, na ndiyo sababu naona uzito wa alichokifanya.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis tumeipata 2022, na bila hiyo nisingeweza kufanya nilichokifanya Ijumaa baada ya mpwa wangu kuondoka. Nilikaa kitandani kwa bibi, siku hizi haoni vizuri, nikamsomea. Pale shati lilipochanika akanyosha mkono, akanipapasa mgongoni. "Nyuma," akasema kabla sijafika. Nikaendelea siku tatu mpaka mwisho, mpaka kijana anakimbia.

Akanyamaza kitambo. "Na ya baba yake iko wapi?"

Nikamwambia haipo, bibi, kitabu kimeishia hapo.

"Hakijaisha hicho," akasema. "Anza tena pale alipotolewa kwao, unisomee taratibu."