Ziwa Tulilipita Gizani

Shemeji yangu ndiye wa kulaumiwa. Namtaja mapema ili lawama zisije zikapotea njiani. Watu wengine wakipata likizo na vijisenti hununua godoro jipya. Yeye alikuja barzani na picha kwenye simu: ziwa la kijani katikati ya majabali, na juu yake kilele kimechongoka.

"Hili ni Harris Tarn, Mlima Kenya," akasema. "Na hapo juu ni Lenana. Twendeni."

Nahodha akasema twende. Mwalimu wa madrasa akasema kuna mazingatio, twende. Muuza viazi karai akauliza kuhusu chakula, akaambiwa kuna mpishi, akasema mbona tumechelewa. Mimi nikasema nina kazi. Shemeji akanipiga bega: "Nimeshaongea na dada, amekuruhusu."

Mwanamume mzima naombewa ruhusa ambayo sikuitaka, na inatoka!

Tena wakaniambia Lenana ni rahisi. Huo mlima una Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Hizo mbili zinataka kamba na watu waliokwisha kuandika wasia. Lenana ni mita 4,985, haina haja ya kamba, basi ndiyo "rahisi". Mimi mtu wa Amu bwana, kisiwani Lamu. Bamvua likija, maji yananifuata mpaka karibu na mlango. Mwinuko wetu ni vilima vya mchanga vya Shela, na hapo ukianguka unaangukia mchanga. Kuniambia 4,985 ni kidogo kwa sababu jirani ana 5,199 ni sawa na kunifariji kwamba deni langu la milioni si kitu, kuna mwenye la milioni moja na nusu.

Safari yenyewe sina la kusema. Boti mpaka Mokowe, basi, basi jingine, matatu, Chogoria. Kiuno kilikwisha kabla mlima haujaanza.

Ila zile nguo za kukodi lazima nizisemee. Nilipewa jaketi lenye jasho la watu watatu tofauti, unaweza kuwatenganisha kwa pua. Glavu nilipewa mbili, zote za mkono wa kushoto. Nilipouliza, yule kijana akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, ya kulia utaigeuza." Nikaigeuza. Siku zote hizo dole gumba langu la kulia lilikaa upande usio wake, likielekea nje kama limekasirika.

Sasa kuna mahali huko juu panaitwa The Temple. Unafika ukingoni, unatazama chini, unaona ziwa Michaelson limelala bondeni, kuta za mawe huku na huku, maji yametulia tuli. Hata mimi nilinyamaza. Mwalimu akasema subhanallah. Jua lipo, mpishi yupo, sufuria lipo. Nikasema, "Jamaa, ziwa si hili? Tulieni hapa, tupige picha, turudi." Shemeji akanitazama kwa huruma. "Hili si lenyewe. Letu liko mbele."

Mtu ameshaona ziwa anataka ziwa jingine! Ndiyo hii tabia inayowafanya watu waoe.

Tukalala karibu na Hall Tarns, mita 4,300 hivi. Hapo nikajua kwamba baridi ya kipupwe tunayolalamikia kwetu, ile ya kujitanda kikoi alfajiri, si baridi, ni mzaha. Na maji ya huko yana kiburi: yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yanatokota, yanapiga kelele, povu mpaka juu, ukitia majani chai haikolei. Maharage ndiyo kabisa. Muuza viazi, mtu aliyezeeka mbele ya karai, alimtoa mpishi jikoni akaushika mwiko mwenyewe. Baada ya saa mbili akaurudisha, akaomba radhi.

Nilikuwa nimebeba halua ya Amu kwenye kikapu chake. Ile halua laini inayovutika, unayoikata kwa kijiko. Asubuhi ilikuwa jiwe. Kisu kilipinda. Mwisho tuliigonga kwa jabali, kipande kikaruka, pimbi mmoja mnene akakidaka na kukimbilia mawe. Wale pimbi hawaogopi mtu. Yule alikaa juu ya jiwe akitafuna halua ya mke wangu huku ananitazama usoni.

Nahodha je? Mtu huyu ameendesha jahazi kwenye kusi bila hata kushika tumbo. Hapo, nchi kavu, mawe yametulia, alitapika mpaka akaomba afungwe. Mwongozaji akasema ni mwinuko, mwili wa mtu wa pwani haujazoea hewa haba, anywe maji na asiongee. Nahodha kunyamaza! Hilo peke yake lilifaa nauli.

Saa nane usiku tukaamshwa. Hakuna aliyekuwa amelala, lakini tuliamshwa. Taa kichwani, changarawe chini, kila ukipanda hatua mbili unarudi moja. Ninamuuliza mwongozaji, ananijibu, "Ni hapo tu, mzee." Nina miaka arobaini na mbili. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyozidi kuwa mzee, na "hapo tu" nayo ilizidi kuhama.

Tukafika mahali pa tambarare, upepo unakata masikio. Mwongozaji akanyoosha mkono kwenye giza totoro.

"Harris Tarn ndiyo hiyo."

"Iko wapi?"

"Hiyo hapo."

Tukamulika. Tukaona ukingo wa maji kiasi cha sinia, na mawe. Shemeji akasema tutaliona vizuri toka juu, tusipoteze jua. Basi tukaliacha ziwa lililotutoa Amu, tukaanza kuparamia majabali kwa magoti na viwiko. Karibu na kilele wamepigilia vyuma mwambani na kebo ya kushikilia. Niliishika kwa mikono yangu miwili ya kushoto, nikasoma kila dua niliyofundishwa, hata ya kuingia chooni.

Jua likatoka. Mawingu yakatoka nayo. Chini yetu ikawa pamba tupu, ziwa hakuna. Mwaka 1963 Kisoi Munyao alipanda mlima huu kupeperusha bendera ya uhuru, alikuwa na sababu iliyo wazi. Sisi tulipeperusha kijiti cha kupigia picha na bango la timu ya mtaa, limeandikwa kinyume kwenye kamera.

Tukateremkia upande wa Naro Moru. Mwongozaji akatuonyesha barafu ya Lewis, akasema zamani ilikuwa kubwa sana, inazidi kuyeyuka mwaka hadi mwaka. Nikaiangalia: barafu yenyewe inaondoka, sisi ndio tunakuja. Kisha yale matope ya kule chini, yanameza mguu mpaka gotini na kukurudishia soksi tu. Shemeji anasema ndiyo raha ya safari. Ziwa, ile picha ya mtandaoni ndiyo ameiweka kwenye simu yake, "Alhamdulillah tumefika", na watu mia wanampongeza.

Mimi tangu nirudi nateremka ngazi kinyumenyume. Nakaa ghorofa ya pili, ngazi za kizamani, wima, hazina pa kushika. Watoto wa jirani wanakuja kutazama. Jana usiku jamaa wakaniita toka chini: "Shuka, twende tukapange Kilimanjaro!"

Nikachungulia dirishani. Nikawaambia nyinyi si wapandaji? Pandeni.

Hakuna aliyepanda. Nahodha alisema goti.