Mzee Akihangaika Usiku, Tusianze na Vidonge

Ziulize familia zinazomtunza mzee mwenye demensia, ule ugonjwa wa kusahau, ni nini kinachowamaliza nguvu. Wengi watakutajia usiku. Mchana kutwa mzee amesinzia. Jua likizama anataka kurudi kwao, anagonga mlango, anamwita mkwewe mwizi, na anayemshika anapigwa. Kesho kuna kazi. Hapo ndipo mtu anatumwa duka la dawa kutafuta chochote cha kumtuliza, na wakati mwingine anarudi nacho bila hata cheti cha daktari.

Ndugu hao siwalaumu, wamechoka kwelikweli. Ninachopinga ni mazoea ya kuanza na dawa kabla mgonjwa hajapimwa, kisha kuiacha iendelee mpaka hakuna anayekumbuka ilianza kwa sababu gani.

Miongoni mwa dawa hizo za kutuliza ni haloperidoli na risperidoni, ambazo hasa ni dawa za magonjwa ya akili kama skizofrenia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia majaribio 17 yaliyohusu wazee wenye demensia na kukuta kwamba kwa waliopewa dawa mpya za kundi hili, kama risperidoni, hatari ya kufa ilikuwa mara 1.6 hadi 1.7 ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengi walikufa kwa matatizo ya moyo au maambukizi kama nimonia. FDA ikatoa onyo, na mwaka 2008 onyo hilo likazigusa na dawa za zamani za kundi hilo, haloperidoli ikiwemo. Uingereza nako, ripoti ya Profesa Sube Banerjee ya 2009 ilikadiria kwamba katika watu 180,000 wenye demensia waliopewa dawa hizi kwa mwaka, walionufaika ni kama 36,000 tu, na vifo vya ziada vilifika 1,800. Diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza na kuleta usingizi, nayo humlegeza mzee; akiamka kwenda msalani anaanguka, nyonga inavunjika.

Shangazi yangu alipoanza kumpiga binti anayemwogesha, aliandikiwa haloperidoli. Haukupita muda akawa ameinamia kifua, udenda unamtoka, mkono unatetemeka hadi uji unamwagikia khanga. Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyemlaza chali, akambonyeza tumbo taratibu, akatuuliza, "Choo amepata lini?" Tukabaki kutazamana. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Alipotibiwa hilo, na daktari akaiondoa ile dawa, ngumi zilikwisha.

Ugonjwa huu humnyang'anya mtu maneno ya kusema anaumwa, lakini maumivu yenyewe hubaki. Jino, goti, mkojo unaochoma, njaa, miwani iliyopotea: yote hayo hutoka kwa sura ya ukorofi. Watafiti nchini Norway, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapa wakazi wa nyumba za wazee dawa za maumivu kwa utaratibu maalumu, wengi wao parasetamoli tu, na baada ya wiki 8 fujo zilikuwa zimepungua. Parasetamoli!

Wapo wanaohitaji dawa kali kweli: anayeona vitu vya kumtisha hadi hali wala halali, au anayeweza kujiumiza au kumuumiza mwenzake. Huyo apewe, kwa dozi ndogo, na tarehe ya kurudi iandikwe siku hiyohiyo. Mwongozo wa Uingereza unataka dawa ipitiwe upya angalau kila wiki 6. Na mzee akiwa anaona watu au wanyama wasiokuwepo huku mwili umekakamaa na hatua zimekuwa fupi, daktari aambiwe kabla hajaandika chochote. Kuna aina ya demensia, ya miili ya Lewy (mabonge madogo ya protini ndani ya ubongo), ambayo haloperidoli inaweza kumuua mgonjwa wake.

Kama mzee wako tayari anazinywa, usizikatishe ghafla. Diazepamu iliyozoeleka mwilini ikikatwa mara moja inaweza kuleta degedege. Kusanya vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, hata vya presha na vya mafua, nenda navyo kliniki, umwombe daktari akueleze kila kimoja ni cha nini na kipi kianze kupunguzwa.